Siku Nilipokosa Chai Ukweni

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Nalisema hilo mapema ili ujue kwamba upumbavu nitakaousimulia hapa haukutokana na kukosa elimu. Kwa miaka sasa nimesimama mbele ya kidato cha tatu katika shule moja karibu na Itumbe, chaki mkononi, nikieleza jinsi mwili unavyojiendesha bila kumshauri mwenyewe. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba neva ni kama simu: ukikanyaga mwiba, habari imefika kichwani kabla hujajua umekanyaga nini. Homoni ni kama tangazo la kanisani. Linasomwa polepole, lakini likishasomwa limefika kila benchi, na anayehusika anajua la kufanya. Wanafunzi hucheka, huandika, na mtihani ukija wanapita. Aliyefeli somo hilo ni mwalimu wao, tena mbele ya wakwe.

Kongosho langu liliacha kazi nikiwa mwaka wa pili chuoni. Halikutoa notisi. Nilikuwa nakunywa maji ndoo nzima kwa siku, naamka mara tano kwenda haja, suruali inanivuka, na mimi mwanafunzi wa bayolojia nikajiambia kwamba ni mitihani. Daktari alinitoa tone la damu, akatazama kimashine chake, akaniuliza nilifikaje pale kwa miguu yangu. Tangu hapo, kazi ambayo wenzangu hufanyiwa na kiungo kilicholala nyuma ya tumbo, mimi naifanya kwa sindano, asubuhi na jioni. Kongosho zima huonja sukari ya damu kila wakati, likatoa insulini kidogo kidogo kama mpishi anayetia chumvi. Mimi natia chumvi yote kwa mkupuo mmoja, na ikishaingia haitoki. Ukishajidunga, lazima ule. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana mimi nililisahau.

Nyumbani tulijua watatu tu: mimi, mama na baba. Amri ya kunyamaza ilitoka kwa mama. Huku kwetu, kabla binti hajatolewa, watu wa kwao hupita chinichini wakiulizauliza. Ukoo ule una kifafa? Una wazimu? Kuna mchawi? Mama alikuwa na hakika kwamba ugonjwa wa sukari utaongezwa kwenye orodha hiyo.

"Nyamaza mpaka uoe," aliniambia. "Ukishaoa, atajionea mwenyewe."

Nilikuwa mtoto mtiifu kupita kiasi siku hiyo, kwa sababu amri yenyewe ilinifaa. Mchumba wangu, mwalimu wa hesabu katika shule yetu, binti wa Ekerenyo, alikuwa amenipenda miaka miwili bila kujua. Chumba nilichopanga hakikuwa na friji, kwa hiyo chupa zangu za insulini nilizihifadhi ndani ya chungu chenye mchanga ulioloweshwa maji, nikakifunika kwa sahani. Alipouliza ni nini, nilimwambia ni mbegu za kienyeji za majaribio ya wanafunzi. Mtu wa hesabu huheshimu sayansi. Hakuwahi kukifunua. Ningeweza kukupa sababu nzuri nzuri za uongo ule, lakini sababu ilikuwa moja: niliogopa ataniacha.

Basi ikafika Jumapili ya kwenda kwao rasmi. Safari ilikuwa ya watu watano: baba, baba mdogo, shangazi yangu, mzee jirani aliyekuwa msemaji wetu, na mimi mwenye haja. Nilijidunga saa moja na nusu asubuhi, kipimo changu cha kawaida. Nilikuwa nimeshaketi mbele ya kikombe cha chai na viazi vitamu vinavyofuka moshi wakati shangazi alipoingia. Shangazi ni dada yake baba, mwanamke ambaye hajawahi kuuliza kama anaruhusiwa. Alichukua sahani kwa mkono huu na kikombe kwa mkono ule.

"Unaenda ukweni na tumbo limejaa? Wakikuwekea obokima ukaudonoa kama kuku, watasema umedharau mkono wa mama yao."

Hapo alisema kweli. Obokima, ugali wa wimbi, ukipakuliwa kwa mkwe mtarajiwa huwa na ukubwa wa kigoda, na macho yote huhesabu matonge. Shangazi hakujua ugonjwa wangu. Ningemwambia kwa neno moja, ningekula viazi vyangu, na hadithi hii isingekuwapo. Badala yake nilizunguka nyuma ya nyumba nikala ndizi mbili ndogo nimesimama, kama mwizi.

Wala sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimepiga hesabu. Kwa Mgusii huulizwi kama unataka chai. Unaingia, unaketi, chai ya maziwa imefika, na sukari imeshatiwa humohumo jikoni. Saa moja na ushei njiani, saa nne tumekaribishwa, saa nne na dakika tano chai iko tumboni. Ningekuwa mwanafunzi ningejipa alama zote, pamoja na za kuonyesha njia.

Chai haikuja. Wakwe zangu ni Wasabato wa kweli kweli, wa wale wasioionja. Wana majani ya chai yaliyoanzia mlangoni hadi chini mtoni, wanayachuma alfajiri kwenye umande, wanayabeba mgongoni hadi kituoni, lakini mdomoni hayapiti. Mchumba wangu alikuwa akinywa nami chai kila saa nne katika chumba cha walimu, vikombe viwili, na hakuwahi kunidokezea kwamba kwao ni mwiko. Kumbe kila mtu alikuwa na chungu chake.

Tuliletewa chupa ya maji moto yaliyotiwa mchaichai. Hayakuwa na sukari. Niliyaonja, nikayakoroga, nikayaonja tena, nikiamini kwamba sukari imelala chini ya kikombe na itaamka nikiendelea kuisumbua. Uji na chakula vingekuja mambo yakishakubaliwa. Hivyo ndivyo baba mkwe alivyotutangazia kwa upole, mtu mrefu mwenye tai ya bluu, mzee wa kanisa. Kisha akaomba tusimame kwa maombi, na hayakuwa maombi ya haraka.

Mama mkwe alitusalimia akiwa mlangoni mwa jikoni. Hakunipa mkono, nami sikuutarajia. Sisi tuna heshima tunayoiita chinsoni: mkwe na mama wa mke hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawatazamani usoni. Anakusalimu kwa mbali, unaitikia ukitazama zulia. Nilimwona pindo la leso tu, na fundo dogo kwenye pembe yake.

Hotuba zikaanza. Katika mazungumzo hayo bwana harusi mtarajiwa hana kazi. Kazi yake ni kukaa kwenye kiti kilicho karibu na ukuta, kuinamisha kichwa, na kuonekana mtu anayeweza kulisha mke. Nilikaa. Msemaji wetu alieleza tulikotoka. Msemaji wao alieleza kwamba amesikia tulikotoka. Nami nikaanza kutokwa na jasho.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapolipiwa mshahara. Sukari ya damu ikishuka, anayeumia kwanza ni ubongo, kwa sababu hauna akiba yake. Kwa hiyo neva hupiga simu, na tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia humwaga adrenalini. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatiririka. Kwa mtu mwenye afya, kongosho lingetuma pia homoni ya glukagoni kwenda kwenye ini, na ini lingefungua ghala lake la sukari, mambo yakaisha bila mwenyewe kujua. Kongosho langu halitumi hata hiyo. Nabaki na kengele tu. Na kengele hiyo ya adrenalini ndiyo ileile inayolia ukikutana na mbwa mkali, au na baba wa mchumba wako.

Nimelifundisha hilo. Nimelitungia swali. Na nikiwa kwenye kiti kile, shati limenigandia mgongoni, nilijichunguza kisayansi nikafikia uamuzi kwamba ni hofu ya ukwe, nijikaze kiume.

"Unatoka jasho na bado hatujataja hata ng'ombe mmoja," shangazi alininong'oneza, akicheka kwa mabega.

Nilitia mkono mfukoni kutafuta peremende. Huwa nazo tano kila siku, sitoki bila hizo. Zilikuwa kwenye koti langu, na koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari Itumbe, kwa sababu baba mdogo aliniazima lake akidai langu linanifanya nionekane karani. Mfukoni mwake nilipata msumari mwingine na risiti ya mbolea.

Yaliyofuata sikuyaona vizuri. Nimesimuliwa na watu wanne, na wanatofautiana tu katika jinsi walivyojizuia kucheka. Msemaji wao alikuwa akieleza elimu ya binti, hatua kwa hatua tangu chekechea, wakati niliposimama nikapiga makofi mawili.

"Nani anaongea huko nyuma?" nikauliza.

Nikamnyooshea kidole baba mkwe.

"Wewe mwenye tai ya bluu. Simama. Taja kazi mbili za ini."

Wanasema mzee wa watu alifungua mdomo kabisa, kama mtu aliyetaka kujaribu. Kisha akaufunga. Nami nikaendelea kwa ulimi mzito kumwambia kwamba asiyesoma nyumbani asilie mwisho wa muhula, nikayumba, nikashika pazia, pazia likaja nami mpaka kitini.

"Kijana huyu amelewa," baba mkwe akasema.

Kwa nyumba ile, hakuna neno baya zaidi. Sisi kwetu ni Wakatoliki, na kuna majirani wanaoamini kwamba sisi huzaliwa na chupa. Mtu mmoja upande wao aliguna tu, mguno wa mtu ambaye alishasema tangu mwanzo. Baba mkwe hakupaza sauti. Alisema binti yake hataingia nyumba ya ulevi, na kwamba anatushukuru kwa kuja, na tumchukue kijana wetu twende salama.

Baba yangu alijua. Yeye peke yake mle ndani alikuwa amewahi kuniona hivyo. Lakini akisema ni mgonjwa, ukoo umepata doa. Akinyamaza, mtoto ni mlevi na ndoa imekufa. Alisimama pale katikati ya aibu mbili, masikini, akatafuta ya tatu.

"Ni joto," akasema.

Ilikuwa Julai, Ekerenyo, mvua ya rasharasha, na kila mtu amevaa sweta. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeficha pamoja naye.

Mchumba wangu alikuwa chumba cha ndani na dada zake, akingoja kuitwa, na ukuta ulikuwa wa mbao. Alisikia yote. Baadaye aliniambia kwamba alijua sinywi, angeapa kwamba sinywi, lakini aliposikia sauti yangu ile akaanza kujiuliza ni nini kingine anachokijua kuhusu mimi ambacho si kweli. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Pazia nimelilipa, aibu nimeizoea, lakini hapo sijapapatia dawa.

Ndipo mama mkwe alipotoka jikoni. Wanasema alikatiza moja kwa moja katikati ya wazee bila kuomba njia, kikombe cha uji mkono mmoja, akapiga magoti mbele yangu. Alifungua fundo la leso yake kwa meno. Mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi sukari. Akanishika taya, akatia kidole chake kwenye sukari, akakiingiza kinywani mwangu na kunisugua ndani ya shavu. Kwanza upande huu, kisha upande ule. Mama mkwe. Kidole. Kinywani mwa mkwe, mchana kweupe, mbele ya koo mbili.

Nilipoanza kumeza, alininywesha uji kidogo kidogo, akiniambia nimeze, nimeze, kama anayemlisha mtoto mgonjwa. Baada ya dakika kumi hivi, ulimwengu ulinirudia. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa mwanamke nisiyeruhusiwa kumtazama, ukiwa umbali wa shibiri moja na wangu. Alikuwa na jasho kuliko mimi.

"Unafanya nini wewe?" baba mkwe alimuuliza.

"Hajalewa. Ana sukari."

"Umejuaje?"

Aliikunja ile karatasi iliyobaki tupu, akaikunja tena, mpaka ikawa haikunjiki.

"Kwa sababu ninayo," akasema. "Huu mwaka wa nne."

Yalimtoka polepole, akiwa bado amepiga magoti, akiiambia sakafu. Kila mwezi alipoaga kwamba anapeleka ndizi sokoni Keumbu, alikuwa akipeleka ndizi kweli, na akishaziuza anaingia kliniki. Dawa yake ilikuwa jikoni, ndani ya chungu chenye mchanga na maji, na nyumba nzima ilikatazwa kukigusa kwa sababu eti ni mbegu za chinsaga, ile mboga yetu chungu. Nililisikia hilo la mbegu nikainamisha kichwa zaidi. Miaka yote nilijiona mwongo mwenye kipaji, kumbe uongo wangu ulikuwa wa kawaida kabisa, unapatikana katika kila jiko.

Alimficha mumewe kwa sababu mumewe ndiye aliyekuwa akifundisha kanisani habari za ulaji safi na afya njema, na yeye hakutaka nyumba yake iwe mfano mbaya. Angeweza kuendelea hivyo mpaka kufa. Ilitosha abaki jikoni akisonga, aache kijana wa watu atolewe akiitwa mlevi, na siri yake ingebaki salama chunguni.

Baba mkwe aliketi. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Kisha akamgeukia baba yangu.

"Wewe wa kwako ulijua?"

"Nilijua," baba akasema.

"Mimi wa kwangu sikujua."

Baba mkwe alimsaidia mkewe kuinuka, akampisha kiti chake mwenyewe, kile cha mikono, kisha akaagiza binti aitwe. Alikuja amevimba macho. Baba yake alimwambia kwamba mtu huyu alimficha ugonjwa, na kwamba ana ruhusa ya kusema tuondoke.

Alinitazama. Nilikuwa na uji kidevuni na pete ya pazia begani.

"Kile chungu?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Si mbegu."

"Si mbegu."

Nikasikia tena moyo wangu, na safari hii adrenalini ilikuwa ya hofu tupu, hakuna mtu wa kunibishia. Kisha akamgeukia baba yake.

"Nimekasirika sana," akasema. "Lakini nitamkasirikia nyumbani kwake."

"Leteni chakula," baba mkwe akaagiza. "Mengine yatangoja tushibe."

Tulikula. Nilimaliza obokima wangu wote, na kwa mara ya kwanza maishani nilistahili sifa nilizopewa. Shangazi alisema chinsoni imevunjwa na lazima mbuzi atoke. Baba mkwe akasema itaombewa. Ikaombewa. Shangazi bado anamdai yule mbuzi.

Mke wangu alinikasirikia kama alivyoahidi, mwezi mzima, na alipomaliza alichukua sindano akataka nimwonyeshe namna ya kudunga. Sasa anapiga hesabu za insulini vizuri kuliko mimi, jambo ambalo ni haki yake na linaniudhi. Kwao siku hizi mgeni analishwa kwanza, ndipo anaulizwa alikotoka. Baba mkwe husimama akinipokea mlangoni, ananitajia kazi mbili za ini bila kuulizwa, na kila nikienda huongeza moja. Amefika tano. Kila mwezi ndiye anayebeba mkungu wa ndizi kwenda Keumbu, mkewe akitembea mbele mikono mitupu.

Mama mkwe hajanigusa tena tangu siku hiyo. Hunisalimu akiwa mlangoni mwa jikoni, nami naitikia nikitazama zulia. Hatujawahi kuzungumza lile jambo, wala sijamshukuru, kwa sababu sijui mtu anamshukuruje mama mkwe kwa kidole. Lakini koti langu hulitundika kwenye msumari ukumbini kwao, na kila nikifika nyumbani nikatia mkono mfukoni, nakuta karatasi ndogo iliyokunjwa, ina sukari, imekunjwa mpaka haikunjiki tena.